Chakula Chepesi cha Mama Mkwe

Kwao mume wangu samaki ni jamaa ya nyoka. Ni watu wa ng'ombe, wa huku nyuma ya Minjila, na mimi ni mzaliwa wa Kau, mtoni, nimelelewa kwa kambare. Miaka yote ya ndoa yetu, mama mkwe akija Garsen alikuja na chakula chake: kibuyu cha maziwa na nyama iliyokaangwa kwa samli. Akipita karibu na sufuria yangu aliziba pua kwa mtandio, hata siku niliyopika maharage.

Kiangazi hiki aliletwa kwetu mgonjwa. Daktari alimkataza nyama ya mafuta, samli na chumvi. Akabaki na uji na hasira, maana hasira hakukatazwa.

Wakati huo kulishaanza maneno ya mke wa pili, msichana wa ukoo wao. Nilimuuliza mume wangu waziwazi. Akasema ni mama yake anayesukuma, kwa kuwa hajawahi kula chakula cha mkono wangu, na mke ambaye mkwe hali kwake bado ni mgeni. "Siku akila, nitazungumza naye, hayo maneno yaishe." Nikamwamini. Mimi nikipenda huwa mjinga kabisa.

Nikatafuta kwenye simu chakula chepesi cha mgonjwa. Nikapata mapishi ya watu wa Mediterania, ya siku za joto: samaki, nyanya, saumu, limau, zeituni na mafuta ya zeituni, na moto wa dakika chache tu. Mafuta hayo Garsen yanauzwa duka la dawa. Muuzaji akaniuliza, "Ya masikio au ya nywele?"

"Ya samaki."

Alicheka mpaka akashika meza. Zeituni zenyewe hazikuwepo, nikakata embe bichi badala yake.

Kambare nilimwacha, ananuka tope. Niliagiza samaki wa bahari, changu, kutoka Kipini, akaja kwa bodaboda ndani ya barafu. Nikamchuna ngozi, nikampapasa kwa vidole nikitoa miiba kama mtu anayemtafuta mtoto chawa. Nikamwosha kwa limau mpaka shombo ikaisha. Kisha mafuta kwenye kikaango, saumu, nyanya zikalainika, minofu juu yake, embe, dania, pilipili kidogo, nikafunika. Joto la jikoni lilinitoa jasho hadi machoni, lakini nilikuwa naimba.

Nikawaandalia mkekani, mama mkwe na mwanawe, pamoja na chapati.

"Hii kitu gani?" akauliza.

"Samaki, Mama. Wa bahari." Ningeweza kusema kuku. Nilitaka ale akijua.

"Nyoka ya maji," akasema, akatema mate kando ya mkeka, karibu na mguu wangu. Sikuondoa mguu. Mume wangu alikuwa tayari anatafuna.

Lakini uji ulikuwa umemchosha mama mkwe. Akamega kidogo, akanusa, akatia mdomoni. Akamega tena. Akala mpaka akaanza kufuta mchuzi kwa chapati, na mimi nimesimama pale na jagi la maji ya kunawa. Nilifurahi kupita kiasi. Niliona nyumba yangu imepona.

Nilipommiminia maji akanishika kiganja.

"Mwanangu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Mkono yako iko tamu sana. Ijumaa bibi arusi nakuja hapa. Yeye najua kukamua tu, jiko hapana jua. Wewe pikia yeye hii."

Maji yakaendelea kumwagika, beseni likajaa, mkeka ukalowa. Nikamgeukia mume wangu azungumze kama alivyoahidi. Alikuwa ameinama, anakusanya nyanya za mwisho kwa kipande cha chapati.

"Lakini pilipili usitie," akasema. "Yeye huwa hali."