Kikohozi Kilichopenda Asali

Miaka ile serikali ilipowaruhusu watu binafsi kufanya biashara, mume wangu alifungua duka dogo pale Mitundu. Akapanga sabuni za kunukia, betri, biskuti, na dawa ya kikohozi ya maji mekundu. Aliisifia dawa hiyo mpaka mtu asiyeumwa akatamani kukohoa.

Kiangazi kimoja, pepo za vumbi zilipoanza, kikohozi kikamshika yeye mwenyewe. Nikamletea chupa moja kutoka dukani kwake.

"Hiyo ni ya kuuza," akasema, akageukia ukutani.

Basi nikafanya nilivyofundishwa na mama yangu. Niliponda tangawizi, nikaichemsha, nikakamulia limau, kisha nikakoroga asali ya Rungwa, ile nyeusi yenye harufu ya moshi, ambayo shemeji yangu mrina asali alituletea dumu zima. Mume wangu akanywa huku amefumba macho. Baada ya siku chache alikuwa anabeba magunia na kubishana na wateja bila kukohoa hata kidogo. Lakini akiniona tu na sufuria, kifua kinambana.

"Kho, kho! Mke wangu, bado kimo. Tangawizi punguza, inaniwasha. Asali ongeza."

Nikapunguza, nikaongeza, mwishowe nikawa namlisha asali tupu kwa kijiko. Nikaanza kuogopa kweli. Kikohozi gani kisichosikia dawa? Nikatuma salamu kwa mama mkwe.

Alikuja na lori la mahindi, amejaa vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgonjwa analala?"

"Anakoroma mpaka asubuhi."

"Anakula?"

"Ugali wake, na wangu."

Mama mkwe akakaa kwenye kigoda uani, akatega sikio. Kutoka dukani tulimsikia mwanawe akicheka na wateja kwa sauti safi kabisa. Alipoingia uani na kumwona mama yake, mkono ukaenda kifuani.

"Shikamoo, mama. Kho!"

"Marahaba, mwanangu. Pole. Kikohozi hiki nakijua. Kilikushika utotoni, mwaka ule baba yako alipopata asali nyingi." Akanigeukia. "Mkwe wangu, nichumie majani ya mwarobaini."

Nikachuma, nikachemsha. Uchungu ule ulitupata puani kabla ya kuufikisha mdomoni. Mama mkwe akajaza kikombe kikubwa.

"Mama, huweki asali hata kidogo?" mume wangu akauliza.

"Asali ndiyo inayokinenepesha."

Mume wangu akapiga funda moja. Akasimama, akakaa, akasimama tena, akakimbilia mtungi wa maji.

"Malizia, mwanangu. Kingine utakunywa jioni."

"Mama, nimepona!"

"Umepona lini?"

Akanitazama mimi, akaangalia chini. "Wiki iliyopita," akasema taratibu.

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimehangaika, nimeomba, nimeuliza nauli ya kwenda hospitali. Lakini mama mkwe alishaanza kutikisika mabega, nami kicheko kikanitoka, nikalazimika kushika nguzo ya jiko.

Alikaa kwetu mpaka Jumapili. Kila nyumba tuliyoitembelea alisimulia kisa hicho, na mume wangu, badala ya kuona aibu, akawa anamkatiza na kumalizia mwenyewe. Alidai mama yake anaruka sehemu tamu.