Muuza Nyama Aliyekimbia Majani

Kwa miaka kumi na mmoja, ukitaja Shoka katika mtaa ule, hakuna aliyefikiria chombo cha kupasulia kuni. Kila mtu alijua unamsema dada wa bucha la kona, yule mrefu, mwenye mikono ya kazi na ulimi usio na breki, aliyeweza kupasua paja la ng'ombe huku akikuuliza hali ya mgonjwa wako bila kukosea mfupa.

Bucha lilikuwa la baba yake. Yeye hakuzaliwa kuuza nyama. Alipomaliza sekondari alikuwa wa kwanza darasani katika sayansi, na walimu walikuwa wameshaanza kumwita daktari kwa utani. Kisha asubuhi moja baba akaanguka nyuma ya gogo la kukatia, kisu kingali mkononi. Kiharusi kilimlegeza upande wote wa kulia, na maneno yakaenda nacho. Mtu aliyekuwa akiwachekesha wateja kutwa nzima akabaki na maneno kama kumi, nayo yakitoka moja moja, kama maji ya bomba lililoziba. Mama alikuwa ameshafariki, mdogo wake wa kike alikuwa bado anasoma shule ya msingi. Shoka hakumuuliza mtu. Alifua aproni ya baba, akaikunja mara mbili kiunoni kwa sababu ilikuwa kubwa, akafungua mlango.

Watu walidhani hadithi yake imeishia hapo. Hata yeye alidhani hivyo, mpaka siku alipokuja muuguzi mmoja wa hospitali ya jirani kununua figo.

"Nikatie vizuri, hizi huwa zinanishinda," muuguzi alisema.

Shoka akaipasua figo kwa urefu, akaifungua kama kitabu. "Ukitaka isikushinde, ijue kwanza. Huku nje, penye wekundu mzito, ndiko damu inakochujwa. Maji machafu yanashuka huku, yanakusanyika kwenye hiki kijibakuli cheupe cha katikati, halafu yanatoka kwa mrija huu kwenda kibofuni. Hicho cheupe ukikiacha, harufu haitoki hata ulie."

Muuguzi aliweka kikapu chini. "Nani kakufundisha?"

"Figo zenyewe, dada. Hazinyamazi."

Muuguzi hakucheka. Wiki iliyofuata alirudi na karatasi nne zilizobanwa pini. Ilikuwa orodha ya mada za biolojia kwa wanaotaka kufanya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari. Akaiweka juu ya mizani.

"Nina miaka thelathini," Shoka alisema.

"Nimeisoma yote mara mbili. Hakuna mahali palipoandikwa umri."

Shoka aliibandika orodha ile ndani ya mlango wa chumba cha baridi, mahali ambapo wateja hawaoni. Akaanza kusoma alfajiri kabla mzigo wa nyama haujafika, na mchana ule muda wa saa nane, ambapo hata nzi huwa wamechoka. Mzunguko wa damu aliumaliza kwa siku tatu. Moyo wa ng'ombe aliugeuza kila upande, akaingiza kidole kwenye kila kilango, akaona kwa nini ukuta wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia: huu wa kushoto unasukuma damu mwili mzima, wa kulia unaifikisha mapafuni tu. Ini, kongosho, bandama, utumbo, vyote alikuwa anavijua kwa uzito na kwa harufu. Kilichobaki kilikuwa majina ya kitabuni na kazi zake.

Tatizo lilikuwa ukurasa wa tatu. Mimea. Usanisinuru, mizizi, majani, jinsi maji yanavyopanda kwenye shina. Na chini yake, urithi. Aliusoma ukurasa ule kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mtu anayemdai.

"Daktari atamtibu nani, kabichi?" alimwambia muuguzi, akaruka mada zote mbili.

Mtihani wa kwanza ukamwadhiri. Maswali ya mwili aliyafagia. Lakini kulikuwa na maswali makubwa matatu ya mimea na urithi, na chini ya kila moja aliacha nafasi nyeupe pe. Barua ilipokuja ilikuwa fupi: hakufikia alama. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja unaosema kwamba kila mwombaji anaruhusiwa kujaribu mara mbili tu.

Aliisoma barua ile amesimama mlangoni. Jirani yake, muuza mboga aliyejulikana kwa wote kama Mama Kabichi, alikuwa akinyunyizia maji mafungu yake. Mama Kabichi alikuwa mtu wa kimo kifupi na sauti ndefu. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akimtania Shoka kwamba bucha lake linafukuza wateja wenye afya.

"Umefeli nini?" aliuliza moja kwa moja. Barua alikuwa hajaiona, ila uso wa Shoka alikuwa ameusoma.

"Majani."

Mama Kabichi akacheka mpaka akashika kiuno. "Majani! Mwanangu, umekaa hatua tano kutoka kwangu miaka kumi na mmoja, umekwenda kufeli majani? Wewe unajua vilivyokufa tu. Njoo huku nikuonyeshe vilivyo hai."

Kesho yake saa nane mchana, Shoka alivuka zile hatua tano akiwa na daftari. Mama Kabichi hakuwahi kusoma biolojia, lakini alikuwa ameishi na mboga miaka ishirini na minane. Alimpa fungu la mboga lililonyauka, akamwambia alitie mashina ndani ya ndoo ya maji na asiondoke. Baada ya saa moja majani yalikuwa yamesimama wima.

"Sasa niambie wewe msomi, nani kayasimamisha?"

Shoka akafungua kitabu, na kwa mara ya kwanza maneno ya ukurasa wa tatu yakawa na uso. Maji yameingia ndani ya seli, seli zimejaa, zimesukuma kuta zake, jani limekaza. Alicheka peke yake. Siku nyingine Mama Kabichi alimpa viazi vilivyomenywa, kimoja kwenye maji ya chumvi, kingine kwenye maji matupu, na Shoka akavipima kwenye mizani yake ya nyama kabla na baada. Kile cha chumvi kilikuwa kimepungua, chenzake kimeongezeka. Alimpa shina la mboga lenye majani meupe, wakalisimamisha kwenye maji yenye rangi nyekundu, na jioni wakaona mishipa ya majani imekuwa myekundu kama iliyochorwa kwa kalamu.

"Kumbe nanyi mna mishipa," Shoka aliliambia jani.

"Ulidhani tunakunywa kwa kijiko?" Mama Kabichi alijibu kwa niaba yake.

Ilibaki mada ya urithi, nayo ilifunguliwa na mtu ambaye hakumtarajia. Shoka alikuwa amekaa na baba barazani, akisoma kwa sauti, kama alivyozoea, ili baba asikae kimya kutwa. Alisoma habari za sifa zinazotawala na zinazojificha, akasoma tena, akatupa kitabu kwenye benchi. "Mimi hii haiingii, baba. Inakuwaje mtoto ana kitu ambacho mama yake hana wala baba yake hana?"

Baba alimtazama. Kabla ya kununua bucha alikuwa amefuga mbuzi ujana wake wote. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu.

"Dume," alisema. "Kipara."

"Dume kipara?"

Baba akagusa kichwa chake, akapapasa pale ambapo pembe zingeota, akatikisa kichwa.

"Dume lisilo na pembe?"

"Eee." Akatafuta maneno. "Jike. Kipara. Mtoto..." Akaweka vidole viwili kichwani, vimesimama.

Shoka aliduwaa. Dume halina pembe, jike halina pembe, na mtoto kaota pembe. Kwa hiyo pembe zilikuwemo kwa wazazi wote wawili, zimejificha, zimefunikwa na huo ukipara unaotawala. Akachukua kokoto nne, akazipanga kwenye benchi, mbili za dume, mbili za jike, akazichanganya kwa kila namna. "Katika wanne, mmoja!" alisema. "Baba, ni mmoja katika wanne?"

Baba akahesabu kwa jicho zizi ambalo halikuwepo tena miaka thelathini. "Hivyo," alisema. Akatabasamu kwa nusu ya uso, na nusu ile ikatosha.

Mwezi uliofuata, akisoma hata yasiyokuwa kwenye orodha, akafika kwenye mada ya ubongo. Aliisoma aya moja, akairudia, kisha akainuka akaenda kupiga magoti mbele ya kiti cha baba.

"Baba, sikiliza. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kulia. Na kwa watu wengi, maneno yanakaa upande huohuo. Ndiyo maana vyote vilikwenda siku moja. Hukupoteza akili, baba. Akili ipo. Kilichoharibika ni njia ya kutokea."

Kwa miaka kumi na mmoja watu walikuwa wakimsemesha mzee yule kwa sauti kubwa na polepole, kama mtoto au kiziwi. Machozi yalimtoka. Akamshika bintiye kichwani.

"Najua," alisema. Baada ya muda akaongeza, "Sema... kwao."

Shoka akawaambia. Aliwaambia wateja wote, mmoja mmoja, huku akikata nyama, na tangu wiki ile watu wakaanza kumsalimia mzee na kumngoja ajibu.

Siku ya mtihani wa pili aliingia ukumbini na watahiniwa aliowazidi umri kwa miaka kumi na zaidi. Maandishi yalikuwa asubuhi. Hakuacha mstari mtupu hata mmoja. Mchana ulikuwa wa vitendo, na alikwenda akiomba kimoyomoyo wampe moyo au figo. Alipofunua kitambaa kwenye meza ya kwanza, alikuta shina la mboga limesimama kwenye maji mekundu, wembe, na hadubini.

Binti wa meza ya jirani alivuta pumzi kwa hofu. Shoka akamkumbuka Mama Kabichi alivyoshika kiuno akicheka, akajikuta anatabasamu mbele ya msimamizi. Akakata kipande chembamba sana, chembamba kama anavyokata nyama kwa wateja wasio na meno, akakiweka kwenye kioo, akatazama. Vitundu vyekundu vilikuwa vimejipanga kama taa za barabarani. Alivichora vyote, akaandika ni vya nini, na kwa nini rangi haikuenea mahali pengine.

Meza ya pili ilikuwa na figo.

"Ipasue kwa urefu, uonyeshe sehemu zake," alisema mtahini, mwanamume mwenye miwani aliyekwisha kuona figo nyingi zikichanwachanwa siku ile. Shoka aliigeuza kidogo kiganjani, akaweka wembe, akavuta mara moja. Nusu mbili zikalala sawasawa, kijibakuli cheupe kikionekana chote katikati.

Mtahini akasogea karibu. Akaondoa miwani, akairudisha. "Haya umejifunzia wapi?"

"Kazini, mwalimu."

"Kazi gani?"

"Nauza nyama."

Mtahini aliwaita wenzake wawili waje waone.

Matokeo yalibandikwa ubaoni nje ya chuo, na Shoka alikwenda kuyasoma na watu watatu: muuguzi akiwa amevaa sare, Mama Kabichi aliyefunga kibanda chake kwa mara ya kwanza tangu mtaa umjue, na baba kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima. Hakuanzia juu. Alianzia chini, akipanda na kidole, jina baada ya jina, mpaka akaanza kukata tamaa. Mama Kabichi, ambaye hana subira, akawa ameshaanza kutoka juu.

"Wewe, mbona unatafuta shimoni?" alipiga kelele. "Huyu wa tatu ni nani?"

Alikuwa wa tatu katika watu mia nne na kumi na wawili. Na pembeni, kwenye safu ya biolojia peke yake, alikuwa wa kwanza. Muuguzi aliruka kama mtoto wa shule. Mama Kabichi alipiga vigelegele mpaka mlinzi akatoka kibandani, akauliza kuna nini, akaambiwa, naye akapeana mkono na kila mtu, akiwemo mzee.

Baba aliomba asogezwe karibu na ubao. Akainua mkono wa kushoto, akaweka kidole juu ya jina la bintiye, akakaa hivyo muda mrefu. Watu waliokuwa nyuma yao walisubiri bila kulalamika.

"Daktari," alisema, waziwazi, bila kukwama.

Bucha lilichukuliwa na mdogo wake wa kike, ambaye kwa kweli alikuwa akilipenda kuliko Shoka alivyowahi kulipenda. Na asubuhi ya kwanza ya masomo, Shoka aliingia darasani mapema, akasimama mbele karibu na ubao akitafuta pa kukaa. Vijana walioingia nyuma yake walimwona, wakanyamaza, wakasimama wote.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba," Shoka alijibu. "Kaeni. Ila mnibakishie kiti kimoja cha mbele, nami ni mwanafunzi."