Wiki Niliyopika Mbegu Iliyobarikiwa

Ulezi wa dukani hauna harufu. Nanunua hapa hapa Majengo, umepepetwa na kufungwa kwenye mfuko, na uji wake ni mtamu tu, watoto wangu wanaupenda. Lakini mara moja moja mkulima huleta sokoni ulezi uliotundikwa juu ya jiko tangu mavuno. Nikipitisha pua juu ya debe lake, ule moshi unaniingia hadi kifuani, nasimama katikati ya watu nimesahau nilichofuata. Mwenye debe hudhani nataka kupunguziwa bei. Acheni niwaambie ninyi ninachokumbuka, maana sijawahi kukisimulia chote.

Nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, na tulikaa Izia, pembezoni mwa Sumbawanga, upande ule nyumba zinapoishia na mashamba kuanza. Mwaka huo, mwezi wa sita, katika baridi yetu ile ya kung'ata masikio, Mama alijifungua mtoto wa kiume. Aliishi siku nne. Tulimzika kabla kitovu hakijadondoka, na baada ya maziko Mama alilala akageukia ukuta. Alikuwa akiinuka kwenda kuoga, kisha anarudi kulala. Chakula alikigusa kwa heshima tu, ili mpishi, yaani mimi, asijisikie vibaya.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba aliacha kusali. Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye jumuiya yetu ya mtaani. Sasa jumuiya ilikuja kwetu kila Jumapili jioni, wamama wakajazana sebuleni na rozari zao, na Mama Thekla, kiongozi wetu, akasali kwa sauti iliyoweza kuita ng'ombe kutoka bondeni. Kutoka chumbani hakukujibu mtu. Mimi nilijibu kwa sauti kubwa mara mbili, nikidhani nitaziba pengo.

Mji wetu una sifa zake za uchawi, mnajua. Mpaka leo nikisema natoka Sumbawanga watu wa mikoa mingine hujifanya kusogeza viti. Basi hata sisi wenyewe hatukukosa wanong'onaji. Walisema Mama amechezewa. Jirani mmoja akamshauri Baba ampeleke kwa mganga aliyekuwa mbali huko, ambako mgonjwa huachwa miezi. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo alisema matatu tu: "Nikishapanda ulezi, nitampeleka."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilielewa kwamba nina muda hadi siku ya kupanda.

Na siku hiyo haikuwa mbali; tulishafika mwezi wa kumi na moja, na Mama bado alikuwa amegeukia ukuta. Shamba letu lilikuwa limejaa matuta ya Kifipa, yale ya duara, makubwa, ambayo ndani yake tunafukia majani yaoze. Mama mwenyewe alikuwa ameyalima na Baba mwezi wa tatu, tumbo likiwa tayari linaonekana, akipumzika kila baada ya tuta moja na kututania kwamba aliye tumboni ni mvivu. Mvua za kwanza zikija, matuta huvunjwa, udongo mweusi unasambazwa, ndipo ulezi unatupwa juu yake. Baba alikuwa ameshaanza kuvunja. Alivunja peke yake.

Jumapili ya kubariki mbegu, kila familia hupeleka kanisani mbegu yake. Baba alishusha ulezi wetu kutoka juu ya jiko, akaupiga, akaupepeta vibaya, akanitwika kikapu. Kanisani vikapu vilipangwa mbele ya altare, vya mahindi, vya maharage, vya ulezi, na padri akapita akinyunyiza maji ya baraka kwa ukarimu mkubwa hivi kwamba sisi wa mbele tulilowa wote. Katika mahubiri alisema kwamba Mungu anayeiamsha mbegu ardhini hashindwi kumwamsha aliyelala.

Sikusikia tena neno lolote baada ya hapo. Wengine walisikia habari za ufufuko na uzima wa milele. Mimi nilisikia kwamba dawa ya Mama iko ndani ya kikapu chetu.

Jumatatu nilipotoka shule, Baba akiwa shambani, nilichota bakuli moja la mbegu nikapiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Sikwenda mashineni kwa sababu mwenye mashine angeuliza, na mimi sikujua kudanganya bila kucheka. Nilisaga nikisali Salamu Maria, moja kwa kila mizunguko mitatu, hesabu niliyojitungia mwenyewe. Nikapika uji, ukaganda mabonge, nikampelekea. Mama alikunywa mafunda matatu, akanirudishia kikombe bila kunitazama.

Jumanne alikunywa nusu. Jumatano nilijifunza kukoroga. Alhamisi akamaliza, na Ijumaa, wapendwa, Ijumaa akaniuliza kama sukari imekwisha ndani ya nyumba. Nilitoka mbio hadi nyuma ya choo, nikaruka ruka huko peke yangu nisionekane. Sikuwahi kufikiria kwamba kikapu kina mwisho. Nilidhani kitu kilichobarikiwa hakiishi, na kila siku nilipochota nilikwepa kutazama chini.

Ijumaa ile ile jioni mvua ilinyesha vizuri. Jumamosi asubuhi Baba alirudi kutoka kulitazama shamba, matope magotini, uso umechangamka kuliko siku zote za mwaka ule, akasema, "Resti, lete mbegu."

Nilileta kikapu. Ndani yake ulikuwepo ulezi wa kujaza kiganja kimoja.

Baba alikitazama, akakiinamisha, akatazama na chini yake. "Panya?" aliuliza.

Natamani ningesema ni panya. Nilisema, "Nimempikia Mama uji."

"Mbegu? Mbegu ya baraka? Wiki nzima?"

"Padri alisema inaamsha, Baba."

Sijawahi kumwona Baba amekosa la kufanya namna ile. Alikuwa na haki ya kunichapa, na mkono wake ulishaanza kutafuta fimbo kwenye kuni. Tulikuwa familia ya ulezi. Bila mbegu hakuna uji, hakuna pombe ya kuwashukuru watakaotusaidia kuvuna, na mwaka mzima tungekula kwa huruma za watu. Nililia kwa sauti, pua ikichuruzika, kikapu nimekikumbatia.

"Usimguse mtoto. Nimekula mimi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alishika fremu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine alikuwa anajifunga kitenge, macho ameyakunja kwa ajili ya mwanga. Baba aliacha fimbo, akavua kofia kama mtu aliyekutana na mgeni.

"Mama Resti, rudi ulale," alisema taratibu.

"Nikilala nani ataomba mbegu? Wewe hujui kuomba." Akaninyang'anya kikapu. "Twende."

Tulipita nyumba saba. Mama alipumzika kila baada ya hatua chache, na alipotaka kunishika bega kidogo tu, nilimsogezea lote aliegemee. Mama Thekla alipofungua mlango na kumwona, ile sauti yake ilimkauka kabisa. Aliingia ndani, akatoka na ungo mzima wa mbegu, akaumimina huku analia. Wengine walitoa konzi, wengine bakuli, na hakuna aliyeuliza yetu imekwenda wapi.

Mchana ule ule Mama alitupa ulezi kwa mkono wake. Mkono wa Baba ulikuwa mzito, ulezi wake ulikuwa ukiota mafungu mafungu. Sitaki mdhani alipona siku hiyo. Katikati ya shamba alikaa chini juu ya udongo wa tuta alilolilima akiwa mjamzito, akalia sana, na Baba akakaa karibu naye. Lakini habari ya mganga haikurudi tena, na kabla ya Krismasi alianzisha wimbo kwenye jumuiya, akakosea ubeti wa pili.

Kwa miaka mingi niliamini niliponya mtu kwa uji. Nilijisifu hata kwa mume wangu.

Mwaka juzi mimi mwenyewe nilipoteza mimba ya miezi sita. Nilikwenda Izia kwa Mama, nikalala kwenye chumba kile kile, na nikajua ukuta ule unavyoonekana. Siku ya tatu aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, hakuniambia nisali wala nisilie. Alisema, "Unajua nilijua tangu Jumatatu? Humu ndani hakukuwa na ulezi mwingine. Nilikusikia unavyosaga na Salamu Maria zako."

"Mbona ulikunywa, Mama?"

"Nilikuwa nahesabu mabakuli. Nilijua yakiisha itabidi mtu atoke akaombe. Nikamwambia Mungu, sikuwa nimesema naye tangu msiba, nikamwambia: tukifika chini ya kikapu nitasimama, na Wewe uwepo."

Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikidhani mwenye imani nyumbani kwetu wiki ile alikuwa mimi. Kumbe aliyelala ndiye aliyekuwa anajitayarisha, bakuli baada ya bakuli, hali hajui kama miguu itambeba.

"Alikuwepo?" nilimuuliza.

"Nilifungua mlango nikakukuta wewe," Mama alisema.

Nilishusha miguu sakafuni.