Mama Vipimo na mkate wa Fundi

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Mama Vipimo ameketi kwenye kigoda katika jiko lisilo lake, na mikono yake ameikalia. Ndiyo, ameikalia, wa kulia na wa kushoto.

"Nikiiachia itakwenda kwenye sufuria yenyewe," anasema. "Hii mikono haina adabu kabisa."

Mbele yake amesimama mwanamume mrefu, mwashi kwa kazi, ambaye mtaa mzima humwita Fundi. Anasoma karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya buluu, midomo ikimchezacheza. Mezani kuna unga, viazi vilivyopondwa, hamira, chumvi, jagi la maji na kikombe cha chai kilichovunjika mkono. Fundi anapika mkate wa sufuria. Mama Vipimo haruhusiwi kumsaidia hata kwa kukohoa.

Mama huyu ana miaka arobaini na sita, na kwa miaka kumi na mmoja amekuwa mfungashaji katika kinu kidogo cha unga. Miaka miwili iliyopita mwenye kinu alimsikia akiwaeleza wenzake namna ya kufufua wali wa jana kwa mayai na karoti. Akamwomba aandike mapishi ya kila siku, yachapishwe nyuma ya pakiti. Kwa kila pishi humlipa ujira wa siku mbili za kufungasha.

"Sitakudanganya, hela niliifurahia," anasema. "Lakini mimi niliishia darasa la saba. Nilikuwa sijawahi kuandika kitu kikasomwa hata na jirani. Sasa nasomwa na watu nisiowajua! Nilitembea wiki nzima kama bibi harusi."

Majaribio aliyafanya nyumbani jioni, na walaji hawakuwa na pa kukimbilia. Kabichi na karanga, supu ya dengu, viazi kwa mchicha, kisha dengu tena.

"Nilikuwa namuuliza, wifi, leo tunakula au tunafanya mtihani?" anasimulia dada wa mumewe, anayeishi naye. "Kuna wiki tulikula dengu siku tano. Siku ya sita nikamwambia, wifi yangu, nakupenda sana, ila leo nakula kwa jirani."

Mama Vipimo alivumilia utani kwa sababu alikuwa na ndoto yake, ndogo lakini ya kwake. Alitaka siku moja aingie nyumba ya watu na kukuta maandishi yake yamebandikwa ukutani, karibu na jiko.

Badala yake yakamkuta makubwa.

Katika pishi la mkate aliandika: pakiti nzima ya unga, vikombe viwili vya maji. Alikuwa amepima kwa kikombe chake cha bati, anachonywea chai tangu aolewe. Kikombe hicho hujaa maji ya vikombe viwili vya watu wengine.

"Kwangu mimi hicho ndicho kikombe," anasema, na bado anainamisha uso. "Sikuwahi kufikiri kwamba nyumba nyingine zina vikombe vyake."

Pakiti elfu sita zilikuwa zimeshatoka. Siku chache baadaye mwashi mmoja aliingia kinuni na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Alikiweka juu ya kaunta, kikagonga.

"Nikawaambia, mimi ni mwashi," Fundi anakumbuka. "Nipeni matofali elfu mbili kama hili nimalize ukuta."

Wafungashaji walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Vipimo aliingia stoo akalia. Machozi na unga vikamfanyia uji usoni, na jina la Mama Vipimo likaanzia siku hiyo.

Fundi mwenyewe hakuwa anatania tu. Mkewe alikuwa amejifungua wiki tatu kabla, mama mkwe ameshaondoka, na yeye alikuwa hajawahi kuchemsha hata yai. Alitaka, kwa mara ya kwanza, ampikie.

"Aliutafuna ule mkate mpaka machozi yakamtoka, halafu akasema mtamu," anasema. "Hapo ndipo nilipojua nimeharibu. Mke wangu akikusifu haraka, ujue anakuhurumia."

Mwenye kinu hakufoka. "Kukosea si kosa, kosa ni kurudia kosa," alimwambia mfungashaji wake. "Nakupa mwezi mmoja tu. Mtu asiyejua kupika apike kwa karatasi yako, nyumbani kwake, bila wewe kufungua mdomo. Na mlaji achukue kipande cha pili bila kubembelezwa. Ukishindwa, nyuma ya pakiti naweka picha ya ngano."

Asiyejua kupika hakukosekana. Mama Vipimo alimfuata Fundi kwenye ukuta aliokuwa akiujenga, akamwomba radhi, kisha akamwomba jiko lake.

Hii ni Jumamosi ya nne. Tatu za kwanza zilimfundisha mengi. Alipoandika "chumvi kiasi", Fundi aliuliza, "Kiasi cha nani?" Neno likafutwa. Alipoandika "maji kidogo", Fundi alimwaga nusu jagi. Sasa karatasi inaanza hivi: "Chukua kikombe chochote ulichonacho. Usikibadilishe mpaka umalize." Unga vikombe vinne, viazi kikombe kimoja, maji kikombe kimoja.

Fundi amekwisha kuchanganya. Anakanda. Unga unamganda vidoleni, unapanda mpaka viganjani. Anatazama mfuko wa unga. Anaunyooshea mkono.

Mama Vipimo anauma ncha ya mtandio. Wiki iliyopita ni hapo hapo Fundi alipoongeza unga, na mkate ukarudi kuwa tofali.

Mkono unasimama. Fundi anainama tena kwenye karatasi na kusoma kwa sauti: "Ukinata, usiongeze unga. Funika, kafanye kazi nyingine nusu saa, kisha urudi."

"Kumbe," anasema, na kwenda kufua nepi.

Saa tano na nusu mkate unatoka, umeungua kidogo na kuvimba upande mmoja kuliko mwingine. Mkewe Fundi anakuja na mtoto begani. Anakata kipande, anatafuna polepole.

"Chumvi haitoshi," anasema.

Fundi anashusha mabega. Mama Vipimo anafumba macho.

Wanapoinua nyuso, mwanamke yule amekwisha kumpa mumewe mtoto, na anakata kipande cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza.

"Mbona mnanitazama?" anauliza, mdomo umejaa. "Nina njaa."

"Hajasifu!" Fundi anapiga kelele mpaka mtoto anashtuka. "Umesikia, mama? Hajasifu!"

Mama Vipimo anaitoa mikono aliyoikalia. Imekufa ganzi, na anacheka na kulia kwa pamoja huku akiikung'uta. Anaomba kalamu, anafuta kijiko kimoja cha chumvi, anaandika kimoja na nusu. Jumatatu asubuhi karatasi hii inakwenda kwa mwenye kinu. Baada yake anataka kujaribu supu ya dengu kwa kinyozi wa jirani, ambaye hata kibiriti humshinda.

Anageuka kuichukua karatasi. Haipo mezani.

Fundi ameipaka unga mbichi kwenye pembe nne, na anaibandika ukutani juu ya jiko, akiinyoosha kwa kiganja kama anapiga lipu.

"Fundi, hiyo ndiyo ya mwenye kinu! Sina nyingine!"

"Basi andika nyingine," anajibu bila kugeuka. "Hii ni ya kwetu."