Mchungaji wa Ukutani

Mtaani walimwita Bwana Ukoo, na yeye alidhani wanamheshimu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni: anaingia dukani bila salamu, anaweka jiwe lake la kilo juu ya mizani ya mtu, anakunja uso. Alipostaafu aliyarudisha mawe ya serikali, lakini kazi ya kupima hakuiacha. Akaanza kupima watu. Huyu mwepesi, yule ana kasoro, wale hawana mbele wala nyuma. Mwenyewe hakuwahi kupanda juu ya mizani hiyo, maana alikuwa na kinga yake: picha ya Mchungaji.

Picha hiyo ilitundikwa kanisani, juu ya benchi la mbele. Mzee wa karne ya kumi na tisa, ndevu mpaka kifuani, sura ya mtu aliyekanyagwa kidole. Ukoo mzima ulijua kwamba huyo ni babu yao wa mbali, tena ndiye aliyelijenga kanisa. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua lolote, wala Bwana Ukoo hakuona haja ya kujua. Ilimtosha kukaa chini ya picha kila Jumapili na kukohoa kama mwenye nyumba.

Ndipo binti yake, mfamasia, alipoleta mchumba. Fundi wa kuchomelea mageti! Kijana mpole, mikono imejaa alama za cheche, amelelewa na mama mshona nguo. Bwana Ukoo alimtazama tangu viatu hadi nywele, kisha akamwacha sebuleni na chai yake, akamfuata binti jikoni.

"Kwao wapi huyu?"

"Si umemwona mama yake, baba?"

"Nimeuliza kwao, sijauliza mama yake. Babu yake nani? Na babu wa babu yake?"

"Kwani wewe wa kwako unamjua?"

"Kila mtu anamjua. Yuko ukutani."

Katika kanisa lao ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, na kila mara waumini huulizwa kama kuna mwenye kipingamizi. Jumapili ya kwanza Bwana Ukoo alikaa kimya, akivimba tu. Lakini jioni yake akatangaza nyumbani kwamba tangazo la tatu halitapita hivihivi. Atatafuta maisha ya Mchungaji katika kumbukumbu za zamani, atayaandika vizuri, na siku hiyo atasimama ayasome mbele ya watu wote, wasikie ni damu gani inayotaka kuchanganywa na moshi wa kuchomelea. Alijua fika kwamba kanisa haliwezi kuzuia ndoa kwa sababu ya kipuuzi kama hiyo. Alichotegemea ni aibu. Mama mshona nguo alikuwa na heshima zake, na mtu wa heshima akidhalilishwa hadharani humchukua mwanawe akaondoka.

Binti hakupiga kelele. "Ukisimama, baba, na mimi nasimama. Natoka mlango wa kanisa, na hutaniona tena."

"Vitisho," alisema Bwana Ukoo.

"Mwanao hatishi," alisema mkewe, akiendelea kukunja nguo. "Na kichwa kigumu hakukiokota barabarani."

Vitabu vya zamani vilihifadhiwa kwenye chumba nyuma ya ofisi ya kanisa, chini ya uangalizi wa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Bwana Ukoo alijitambulisha kwa urefu, akianzia ukutani.

"Kila anayekuja hapa anatafuta shujaa," alisema yule mama. "Sijaona aliyekuja kutafuta mlevi. Kaa pale. Na usilambe kidole ukifunua kurasa."

Shujaa aligoma kuonekana. Kanisa lilijengwa kabla hajafika. Yeye alilalamikia paa tu. Katika kumbukumbu za vikao vya wazee alikuwamo kila ukurasa, na kila ukurasa ana nongwa mpya. Waimbaji wanapaza sauti mno. Kuku wa jirani wanamdharau. Mwinjilisti amekalia kiti chake, na kiti kioshwe. Mtu mwenye akili timamu angecheka, au angejiona. Bwana Ukoo aliandika kwenye karatasi yake: "Alikuwa mtu wa viwango."

Jumapili ya pili ikapita. Siku chache baadaye, mezani palepale, akafunua ukurasa ambamo Mchungaji aligoma kulisoma tangazo la ndoa. Ndoa yenyewe ilikuwa ya binti yake wa kumzaa, aliyetaka kuolewa na fundi seremala. Sababu iliandikwa kwa maneno ya Mchungaji mwenyewe: fundi huyo ni mchapakazi, lakini kwao hapajulikani, hata babu yake hatajwi.

Bwana Ukoo alisoma kwa kuridhika. Damu ni damu! Akachovya kidole ulimini, akakumbuka, akakifuta kwenye suruali na kufunua mbele. Wazee walimsihi Mchungaji, naye akakataa. Binti akaenda kufungia ndoa kanisa la mji wa pili, na baba yake akaamuru afutwe kwenye orodha ya waumini. Katibu alimfuta, lakini pembeni akaandika jina la mume, ili ijulikane binti amekwenda wapi.

Jina la seremala lilikuwa jina la ukoo wa Bwana Ukoo. Ndilo lililokuwa kwenye kitambulisho chake na kwenye vyeti vya binti yake, na ndilo alilotamba nalo sokoni miaka yote ile. Alilisoma tena na tena. Hivi alidhani jina hilo lilitoka wapi, mtu mzima yule, wakati la Mchungaji liliandikwa chini ya picha na wala halikufanana na lake? Hakuwa amewahi kujiuliza. Ukoo mzima aliokuwa akijivunia ulianzia kwenye harusi ambayo mzee wa ukutani alikataa kuitangaza.

Aliomba kitabu cha maziko, na safari hii hakutoa hotuba. Mchungaji alifia uzeeni kwenye chumba cha kupanga, amekwisha kugombana na kila mwenye masikio. Aliyemzika aliandika kwa kifupi kwamba hakuna mzee wa kanisa aliyefika. Waliokuwepo ni binti wa marehemu na mumewe. Jeneza limetengenezwa na mkwe.

"Umempata?" aliuliza yule mama.

Bwana Ukoo alitoka, na kofia yake akaisahau mezani.

Jumapili ya tatu kanisa lilijaa kuliko kawaida, maana umbea ulikuwa umeshafika kila nyumba. Binti alikaa karibu na baba yake kwenye benchi la mbele, mkoba begani, vidole vimeng'ang'ania mkanda. Tangazo likasomwa. Mchungaji wa sasa akauliza kama kuna mwenye kipingamizi, huku akiomba kimoyomoyo asiwepo.

Bwana Ukoo akasimama. Mkewe akafumba macho. Binti naye akasimama.

"Ninacho," alisema Bwana Ukoo. Akakohoa, lakini si kile kikohozi chake cha siku zote. "Mama wa kijana amekalishwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Huku mbele kuna nafasi. Hilo napinga."

Hakuna aliyeelewa. Mwishowe fundi akamshika mama yake mkono, wakapita katikati ya watu mpaka mbele, na Bwana Ukoo akasogea. Usidhani alikuwa malaika ghafla. Mama wa watu hajakaa sawasawa, ameshaambiwa asikalie kitabu cha nyimbo. Lakini alisogea.

Binti alikuwa bado amesimama. Akainama. "Na yale maisha ya Mchungaji uliyokuwa unaandika? Yaliishaje?"

"Vibaya," alisema baba yake, bila kuinua macho ukutani. "Weka mkoba chini, mwanangu."