Mita Ishirini za Mwalimu Phikul

Mwalimu Phikul ana mdomo, na hilo mwenyewe halikatai. Miaka kumi na mmoja amefundisha fizikia kwa chupa za soda, pampu ya baiskeli na simu za wanafunzi, na kelele za darasa lake husikika mpaka sokoni. Mkuu wa shule, Bwana Thawon, hakuzipenda mbwembwe hizo hata kidogo. Simu darasani? Alikwisha nunua kabati lenye kufuli la kuzifungia.

Phikul akamfuata ofisini mbio. "Mkuu, tupatane. Jumamosi ni sherehe ya kurusha roketi kuomba mvua. Darasa langu litatabiri roketi yetu ya maji itapanda mita ngapi. Tukikosea zaidi ya mita mbili, fungia simu zote, na mimi mnitupe topeni."

"Topeni utatupwa tu," akasema Mkuu. "Ila simu usije ukazililia!"

Tope halikumtisha. Kila mwaka roketi isiyopaa huwaponza wenyewe wakatupwa humo, na mwaka jana mkuu wa kijiji alizamishwa na tai yake shingoni. Lakini simu! Bila zile video za polepole, wanafunzi wangerudi kukariri kama kasuku, na yeye angekufa kwa uchovu.

Wiki nzima walitia maji kwenye chupa, wakazijaza hewa kwa pampu, wakazirusha. Walihesabu pampu, wakapiga video, wakapima sekunde za kuanguka, wakapiga hesabu. Kumi na tisa. Ishirini na moja. Ishirini. Phikul akaandika MITA ISHIRINI kwenye ubao wa getini, herufi kubwa kama za uchaguzi.

Jumamosi, Orathai, mwanafunzi aliyetunza roketi, akaileta imefunikwa kitambaa. Akakifunua. Lo! Juu ya chupa kilikaa kichwa cha udongo cha naga, joka la mvua, kimevishwa karatasi ya dhahabu, ulimi mwekundu nje.

"Nani kafanya hivi?"

"Bibi, Mwalimu. Kasema roketi bila naga ni chupa tu, mvua itatucheka."

"Mmepima uzito?"

Orathai akatazama vidole vya miguu yake. Phikul akanyoosha mkono akitoe. Na Mkuu huyo, keshapuliza filimbi.

Fyuuu! Ikapanda, ikapanda, imenyooka, haiyumbi hata chembe. Umati ukapiga vigelegele. Orathai akainamia simu, akahesabu, akahesabu tena.

"Mwalimu... thelathini na ushei."

Watu walikuwa wakicheza ngoma, hakuna aliyeikumbuka ile ishirini. Angenyamaza tu, yangeisha. Phikul kunyamaza? Thubutu!

"Tumekosea mita kumi na ushei!" akapaza sauti. "Hesabu ni hesabu! Haya, nitupeni!"

"Mwalimu, jamani, si unyamaze!" wanafunzi wakamlilia.

Wapi! Bibi yake Orathai, mama wa miaka sabini na mbili, ndiye aliyewahi kumshika mguu wa kwanza. Puu! Phikul akaibuka na tope mpaka kwenye kope, anacheka hana mbavu. Kisha akalikumbuka kabati, kicheko kikamkauka. Roho ilimuuma kweli.

Bwana Thawon alikuwa amesimama ukingoni, viatu vinang'aa, uso umekunjamana.

"Mwalimu, hebu ngoja. Imeongezwa uzito, halafu ikapaa zaidi?"

"Umeona mwenyewe, Mkuu."

"Kwa nini?"

"Sijui bado. Chupa zisizo na kichwa zilikuwa zikiyumba, hii haikuyumba. Ningeitazama polepole ningekwambia. Lakini ndiyo hivyo, simu ni zako sasa."

Mkuu akajikuna shingo. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akatoa simu yake mfukoni.

"Mimi nimeirekodi," akasema kwa sauti ndogo. "Yote. Njoo uone hapa inapo..."

Akasogea hatua moja. Ukingo ukateleza. Bwana Thawon akaingia topeni mzima mzima, viatu na heshima zake, mkono mmoja tu ukabaki juu umeshika simu.

"Ipokeeni!" akafoka, akitema tope. "Niacheni mimi, ipokeeni simu! Jumatatu tunaitazama darasani!"