Chunusi za Mwari wa Tongoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja chupa ya salfa. Nilikuwa muuguzi mpya, binti wa Kisambaa niliyeteremka Tanga na Biblia, sweta mbili na kiburi cha cheti. Tabibu Mfawidhi wa kliniki ya ngozi, mzee mfupi asiyependa kelele, aliutazama unga wa njano sakafuni, kisha akanitazama mimi.

"Zoa," akasema. "Halafu nawa uso. Leo umeshajitibu chunusi."

Zama hizo marhamu tulichanganya wenyewe. Unapima salfa kwenye mizani, unaisaga na mafuta mazito juu ya kioo mpaka isibaki punje. Ilinuka kama yai viza, lakini ilikausha vipele. Baadaye zikaja tyubu za benzoili, dawa inayoua vijidudu vya chunusi na kuchujua foronya pia, na kwa foronya hizo akina mama walitugombeza sana. Wenye chunusi za usaha walipewa doksisaiklini, vidonge vya kumeza na maji mengi ukiwa umekaa wima, na mjamzito hapewi. Zile sugu za kuacha makovu alizishughulikia Daktari Bingwa peke yake. Sisi wengine kazi yetu kubwa ilikuwa kuwaambia watu wasubiri, maana chunusi hutibiwa kwa miezi.

Nilipelekwa zahanati ya Mkwaja miaka mitatu, nikazalisha akina mama na kutoa miba ya samaki miguuni. Niliporudi mjini nilijiona fundi. Ndipo akaja Mwanahamisi wa Tongoni, amebakiza wiki tano aolewe, mashavu na paji vimejaa chunusi.

"Dada nesi, mama mkwe hajawahi kuniona. Ataniona siku hiyo hiyo."

Nikampa benzoili ya asubuhi na tretinoini ya usiku, krimu inayozibua vitundu vya ngozi na kuifanya nyepesi kuchubuka. Nikamwonya akae mbali na jua. Akacheka. "Jua nitaliona wapi? Naingizwa ndani."

Nikafurahi. Kwetu milimani bibi harusi hulima mpaka wiki ya ndoa. Sikuuliza huko ndani atafanywa nini.

Siku ya kumi mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Aliyeingia alikuwa somo yake, mama wa makamo anayemfunda, amemshika mkono Mwanahamisi aliyejifunika uso.

"Nani kanichomea mwari wangu?"

Nikasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ndo wewe!"

Akamfunua. Uso ulikuwa mwekundu, umebabuka, unatoa maji. Tabibu Mfawidhi akamuuliza yule mama kwa adabu anampaka nini.

"Singo. Liwa, karafuu na marashi, namsugua kila jioni, kama nilivosuguliwa mie."

Mzee akanigeukia. "Muuguzi, ulimuuliza anapaka nini kingine?"

"Hapana."

"Basi singo haina kosa, na dawa haina kosa."

Afadhali angenitukana.

Tukasimamisha kila kitu: maji matupu na vaselini. Somo akagoma. "Mwari asisuguliwe uso? Watu n'tawambia nini?" Nikamwomba, nikambembeleza. Tangu hapo kila nikitoka kazini Ijumaa nilikwenda Tongoni. Yeye alisugua kuanzia shingoni kushuka, mimi nilishughulika na uso, tukiteta kama mawifi. Ngozi ilipofunga nikarudisha benzoili peke yake, ajipake kiasi cha punje ya mbaazi, siku moja aruke moja. Tretinoini sikuthubutu tena. Niliogopa, nasema kweli.

Siku ya harusi nilikaa naye chumbani. Vidonda vilikuwa vimepona, ila alama nyeusi zilibaki, na chunusi kadhaa.

"Dada, zimeisha?"

"Hazijaisha. Zimepungua."

Somo akaja na poda. Mwanahamisi akausukuma mkono wake taratibu. "Nami nianze maisha kwa kujificha? Na anione hivi hivi."

Mama mkwe akaingia, akafunua mtandio. Mashavu yake mwenyewe yalikuwa na vishimo vya chunusi za ujana. Alimtazama, kisha akamwinamia, nasi tukisikia: "Mwanangu, wapaka dawa gani? Mimi walinipaka majivu."

Tukacheka wote, somo akilia.

Sasa nimestaafu, nakaa Makorora. Wasichana wananiletea vikopo vya krimu visivyo na lebo, walivyoviona kwenye simu, vya kung'arisha uso kwa siku tatu. Navitupa. Nawauliza wanapaka nini, wanasugua nini, nani kawaambia, mpaka wananichoka. Naikumbuka kazi ile, hata harufu ya salfa naikumbuka kwa mapenzi. Namkumbuka na Mwanahamisi, aliyenishika mkono siku ya harusi yake akaniambia ya kumchoma uso yamekwisha. Kwake yalikwisha. Kwangu mimi, bado.